Posa Iliyokwama kwenye Maji Laini

Kasense,
Sumbawanga.

Kwa Mzee Yohanes,
Mshenga,
Sumbawanga Mjini.

YAH: KUIREJESHA POSA YA KIJANA TIMOTH KWA SABABU YA NAMNA ANAVYOOSHA GARI

Ndugu Mshenga,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia huko huko uliko, maana jibu lako kwangu nataka nilione kwa vitendo.

Natumaini hujambo pamoja na mama wa hapo nyumbani. Sisi huku tu wazima, mahindi yamebeba vizuri, na mvua inatunyeshea kama kawaida yake, bila kuuliza nani ana nguo kwenye kamba. Nakuandikia nikiwa na akili timamu, nimeshiba, na sijagusa pombe ya aina yoyote, jambo ambalo utalielewa vizuri ukifika hoja ya sita.

Wewe ndiye uliyekuja kwangu na kofia yako mkononi, ukasema kuna kijana wa mjini, ana duka la pampu na mabomba, anasali, hana makuu, na amempenda binti yangu Victoria. Nilikusikiliza. Nilikupa kile kiti chenye mgongo, na kuku mkubwa alichinjwa kwa ajili yako. Sasa kwa heshima hiyo hiyo nakuomba uichukue ile posa, umrudishie mwenyewe, na umwambie kwamba Zenon, Bwana Shamba mstaafu, hawezi kumwoza binti yake kwa mwanamume anayeosha gari nyumbani kwa maji yaliyolainishwa.

Usicheke. Nimesema yaliyolainishwa. Najua hapo ulipo unajiuliza maji gani tena yanalainishwa, kwani yalikuwa mawe? Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Zifuatazo ni hoja zangu. Nimezipanga kwa namba ili usije ukajifanya hukuiona mojawapo.

1. Amekidharau kisima chetu. Jumamosi ya kwanza alipokuja kujitambulisha, barabara ilikuwa tope tupu, na kagari kake keusi kalifika kamepakwa hadi madirishani. Mtu wa kawaida angesema shikamoo, angekaa, angekula. Huyu shikamoo aliitoa vizuri tu, halafu akaomba ndoo ya maji. Nikadhani anataka kunawa miguu. Akachota kidogo kwenye chupa, akadondoshea sabuni, akaitikisa, akaiinua akaitazama, akasikitika. Akaniambia, "Baba, maji yenu ni magumu. Hayatoi povu, na yakikauka kwenye rangi ya gari yanaacha madoa meupe."

Ndugu Mshenga, kisima kile alikichimba marehemu baba yangu. Nimekunywa maji yake tangu sijaota meno, Victoria vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kufa kwa ajili yake, isipokuwa wale waliokufa kwa sababu nyingine. Akaiosha boneti kwa maji hayo hayo, ikakauka, nikamwambia sioni doa lolote. Akaniomba, kwa heshima, niiname kidogo, nilaze kichwa upande, niitazame boneti kwa kufuata mwanga. Nikainama. Mimi, baba mkwe mtarajiwa, mbele ya jirani yangu Abdala mwenye duka, nimelaza kichwa kama kuku aliyesikia mwewe. Madoa niliyaona. Lakini hilo siyo hoja.

2. Ameniletea mtambo. Wachumba wengine huleta blanketi la bibi, au jembe, au hata sukari kwenye mfuko. Huyu Jumamosi iliyofuata alishusha mtungi wa bluu, mrefu kama mtoto wa komunyo ya kwanza, akauunganisha na bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi letu la maji ya kisima, na pembeni yake akaweka pipa dogo akalijaza chumvi ya mawe. Chumvi! Ng'ombe wangu wanaonja chumvi siku nikikumbuka, na yeye anaupa mtungi. Nikamuuliza, kwani huwa unatia chumvi kwenye maji ili yawe matamu? Akanieleza taratibu kwamba ndani ya mtungi kuna punje ndogo zinazokamata chokaa iliyomo kwenye maji, na zikishashiba chokaa zinasafishwa kwa maji ya chumvi, na hayo ya chumvi yanamwagwa nje. Nilielewa. Kuelewa siyo kukubali.

Hapa, kusema kweli, nilikuwa na hoja nzuri kuliko zote. Yale maji ya chumvi yalikuwa yanamwagikia mstari wa pembeni wa mahindi yangu, na mahindi yakaanza kupauka. Nilifurahi sana. Nikamwita kijana, nikamsimamisha pale pale, nikamfundisha somo zima la chumvi na udongo, lile nililokuwa nikiwafundisha wakulima miaka nikiwa kazini. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaomba radhi, akaomba jembe, akachimba shimo mbali na shamba, akalijaza kokoto, akayaelekeza maji yale huko. Mahindi yamerudi rangi yake. Hoja pekee niliyokuwa nayo ya kitaalamu ikafukiwa kwenye kokoto.

3. Uoshaji wenyewe ni wa kuchefua. Kwetu gari huoshwa mtoni, au hupelekwa kwa vijana wa mjini wenye pampu, au huachwa hivyo hivyo mpaka mvua ilionee huruma. Huyu ana ndoo mbili. Moja ni ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, na ole wako uzichanganye. Anaanza kwenye paa, anashuka. Matairi yana brashi yao peke yao. Haoshi juani, analisogeza gari kivulini, anangoja lipoe, na anaigusa boneti kwa mgongo wa mkono, vile mama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Mwisho analikausha kwa taulo, na taulo lenyewe ni laini kiasi kwamba mke wangu Evodia aliuliza nani amejifungua.

Nikamwambia kwamba mvua ya Ufipa inaosha bure na haihitaji mtungi. Akajibu, ni kweli Baba, maji ya mvua ni laini, shida ni lile tope la njia ya kurudi. Unaona ubaya wake? Ana adabu. Tangu aanze kuja hapa hajawahi kunipandishia sauti, kwa hiyo na mimi sijapata nafasi ya kupandisha ya kwangu, nami ni mtu niliyezoea kuipandisha.

4. Ameivuruga nyumba yangu. Maji yale hayakutulia kwenye gari. Evodia aliyachota akainjikia maharage, nayo yakaiva kabla jirani hajamaliza salamu. Zamani maharage yalikuwa yanachemka mchana kutwa, nami napata muda wa kwenda dukani kwa Abdala tukazimaliza habari za nchi nzima. Siku hizi hatujafika hata kwenye habari za mbolea, naitwa kula. Sabuni nayo inatoa povu mpaka inachosha. Kola ya shati langu imekuwa nyeupe kiasi kwamba wanajumuiya wanadhani nataka kugombea uenyekiti, na mwenyekiti aliyepo ameanza kunisalimia kwa mbali. Wanawake wa jirani wanakuja na ndoo kumjulia hali Evodia, ambaye hajaugua. Katika nyumba hii kitu kigumu kilichobaki ni mimi peke yangu.

5. Ameosha mkokoteni wangu.

Naomba urudie kusoma. Mkokoteni wa ng'ombe, ule wa kubebea samadi. Nilikuwa nimekwenda msibani, niliporudi nikaukuta uani umetakata mpaka mishipa ya mbao inaonekana, na jina la baba yangu alilolichonga ubavuni kwa mkono wake, ambalo sikuwa nimeliona tangu nikiwa kijana, limejitokeza lote, herufi kwa herufi. Kesho yake ng'ombe walikataa kuusogelea, walidhani ni wa mtu mwingine. Watu wa Kasense wakaniuliza nimeuza shamba lipi. Nilikaa pembeni ya mkokoteni ule, nikapitisha kidole kwenye kila herufi. Kidole hicho kisichukuliwe kuwa ni shukrani.

6. Ulezi. Hapa ndipo penyewe, kaa vizuri.

Timoth aliacha kwenye ghala langu gunia la zile punje za akiba, kando ya gunia la ulezi. Punje zile ni ndogo, za mviringo, rangi yake kahawia inayokaribia wekundu. Mama yangu mzazi, Bibi Fransiska, ambaye macho yake unayajua, alikuwa anaandaa pombe ya siku utakayokuja na wazee wa upande wa kijana. Akachota punje akijua ni ulezi. Akaziloweka, akazitandaza jikoni kwenye kona yenye joto, akazifunika kwa magunia, akangoja zichipue apate kimea. Akangoja. Akanyunyiza maji ya vuguvugu. Akasali rozari. Hakuna hata moja iliyochipua.

Akaniita mimi, kwa kuwa mtaalamu ni mimi. Nilizichukua kiganjani, nikazigeuza, nikazinusa, nikajaribu kuitafuna moja ikateleza ikaruka mpaka mlangoni. Nikatoa uamuzi, mbele ya Abdala na katekista wetu Marselino, kwamba mbegu hii imekufa kutokana na kuanikwa juani kupita kiasi, na nikamshauri mama abadilishe mbegu msimu ujao. Nilizungumza kirefu. Nilitaja mpaka namna bora ya kuhifadhi. Marselino alikuwa akiitikia kwa kichwa muda wote.

Timoth alipokuja akazikuta zimetandazwa. Hakucheka. Angecheka ningemfukuza siku ile ile, nisingekuchosha kwa barua. Aliomba chekeche, akazikusanya, akazisuuza, akamwambia mama, "Usijali Bibi, hata mimi ningekosea, zinafanana kabisa." Kisha akaenda nyuma ya gari lake, akachutama huko akiwa ameliegemea, akakaa sana. Gari lilikuwa linatikisika.

Sasa nimeshaelezwa kwamba zile ni plastiki, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Katika maumbo yote yaliyopo duniani, kiwanda kilishindwa kutengeneza punje zenye umbo la harage? Lazima ziwe kama ulezi, na lazima ziletwe Ufipa, na lazima ziwekwe kwenye ghala la Bwana Shamba? Mama yangu, kwa upande wake, hataki kusikia habari za plastiki. Anasema mchumba aliyeingiza nyumbani kwa binti punje zisizoota ameleta dalili mbaya ya uzao, na ameshawaambia akina mama wote waliotoka misa ya kwanza. Mimi dalili siziamini. Lakini kila nikipita njiani naulizwa, "Bwana Shamba, ile plastiki ulisema ipandwe mwezi gani?" Na masikio yangu nayaamini.

7. Amepangusa baraka. Padre alipobariki vyombo vya usafiri kwenye uwanja wa kanisa, baiskeli, pikipiki, trekta na magari, Timoth alipanga foleni kama Mkristo mwingine. Padre akanyunyiza maji ya baraka, akasogea kwenye pikipiki inayofuata. Mara nikaona taulo. Aliyapangusa tone kwa tone kabla hayajakauka, maana nayo yametoka kisima cha parokia, ni magumu kama ya kwangu. Marselino anamtetea, anasema baraka huingia papo hapo na kinachobaki juu ni maji tu.

Mimi nauliza: mtu asiyevumilia doa la maji ya baraka atavumilia nini? Mtoto akimcheulia begani? Mama yangu akienda kumtembelea akamwaga uji? Ufipa yote ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na sisi wenyewe ndio tuliomo humo. Tukimpa binti leo, kesho atataka na sisi tupitishwe kwenye mtungi kwanza kabla ya kukanyaga kwake. Keshokutwa mjukuu wangu atabatizwa kwa maji yasiyoacha alama kipajini. Na siku nikifa, jeneza langu litasogezwa kivulini, lingojewe lipoe, lioshwe kwa ndoo mbili kuanzia juu kwenda chini, na waombolezaji wataambiwa wasilishike kwa mikono mitupu. Sikubali kuzikwa hivyo.

8. Victoria anamsaidia. Binti yangu, mwalimu anayeheshimika, anayenyamazisha darasa zima kwa kuinua nyusi, siku za Jumamosi anakunja sketi na kushika ile ndoo ya pili. Yeye anaosha upande huu, mwenzake upande ule, wanazungumza chinichini juu ya boneti, na anacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu akiwa mdogo. Nimeosha matairi mengi ya baiskeli katika maisha yangu, Ndugu Mshenga, na sijawahi kuona kinachochekesha.

Kwa hoja hizo naomba utekelezaji. Timoth aje achukue mtungi, pipa, chumvi, brashi, taulo na plastiki yake. Kisima chetu kiombwe radhi. Na posa irudi mapema, kabla Padre hajaanza kutangaza ndoa kanisani, maana jina la binti yangu likishasomwa mbele ya waumini, hakuna tena pa kurudi, nitabaki natabasamu kwenye benchi la mbele nipende nisipende.

Kama kijana atabisha, basi nampa mtihani mmoja. Gari lake likae chafu masika yote. Alitembeze toka Chala hadi Kasanga bila kulipangusa hata kioo. Watoto waandike kwa kidole kwenye tope la nyuma maneno yoyote wanayoyataka, mbuzi wajisugue kwenye milango, kuku walale juu ya paa. Akishafika hapo nitamtazama usoni nijue kama ile adabu ni ya kwake mwenyewe au ni ya siku gari likiwa safi. Lakini nakuhakikishia atashindwa. Watu wa ndoo mbili nawajua.

Nisalimie wote hapo kwako, wakubwa kwa wadogo, na yule mgonjwa mwambie tunamwombea. Msalimie Padre ukimwona, usimwambie la taulo, nitamwambia mwenyewe. Evodia anakusalimu, anasema ukija uje na dumu, utachotewa. Nimemkataza asiseme hivyo. Abdala anakusalimu. Bibi Fransiska anakusalimu wewe, na salamu zake kwa Timoth alizitoa kwa Kifipa, nami sitaziandika. Timoth naye msalimie, lakini ukiwa umesimama mbali naye kidogo.

Ni mimi ninayekuheshimu, na nisiyebadili neno nikishalisema,

Zenon,
Bwana Shamba (mstaafu),
Baba yake Victoria.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nilimpa Victoria aipitie, kwa kuwa ni mwalimu na sikutaka ikufikie na makosa. Alisoma hoja zote. Nilikuwa nimejiandaa, Mzee mwenzangu. Nilikuwa na jibu la kila atakachokisema, na hoja nyingine nilikuwa nimezificha kwa ajili yake tu. Nilitegemea abishe, kama anavyobisha siku zote kuhusu mambo madogo. Akarekebisha alama za koma, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Sawa, Baba. Kama umemkataa wewe, na mimi nimemkataa." Akaenda kuwasha moto. Hakulia, hakununa, hakupiga sufuria. Tulikula, na yeye ndiye aliyenikaribisha maji ya kunawa, akiwa amepiga goti, kama siku zote.

Tonge la pili nililirudisha sahanini. Kumbe nilichokuwa nakitaka ni ugomvi, nimkasirikie mtu, siku zipite. Ukweli ni kwamba lile gari sina ugomvi nalo, wala maji yake. Ndilo litakalokuja kumchukua, basi. Nyumba hii bila Victoria sijui nitaikaa vipi.

Ningeichana barua, lakini hoja zimepangika vizuri na nilizihangaikia, kwa hiyo isome yote, halafu usitekeleze hata moja. Mwambie Timoth aende kwa Padre, ndoa itangazwe. Mama nitazungumza naye mimi. Na mwambie asije akalipeleka gari la harusi kwa vijana wa mjini wakalikwangua. Asubuhi ya siku hiyo alilete hapa, na tope lake, aniachie ufunguo. Nitaliosha mwenyewe, kwa maji yale yale ya mtungini, maana binti yangu hataondoka kwangu ndani ya gari lenye madoa. Ila mtu yeyote asisogee karibu wakati naliosha. Nitakuwa nalia, na sitaki kuulizwa.